Nimeandika kila kopo la mkaa kwenye daftari miezi sita, njooni tuone nani anabana matumizi na nani analipa zaidi (uzi mrefu)

Mama Daftari (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni, naomba mnivumilie maana huu uzi ni mrefu na nimekaa nao kifuani muda, leo watoto wamelala mapema nikasema ngoja niushushe.

Mimi ni mshonaji, naishi Mbagala nyumba ya kupanga, vyumba viwili, tuko watu watano. Mwezi wa pili mwaka jana hela ya kula ilikuwa inaisha tarehe 20 kila mwezi na mimi na baba watoto tunagombana, yeye anasema mimi sijui kubajeti mimi nasema hela anayoacha haitoshi. Nikaona isiwe tabu, nikachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, nikawa naandika kila kitu kinachohusu moto tu. Mkaa, kiberiti, mafuta ya taa ya kuwashia, mpaka yule kijana ninayempa 500 anibebee. Moto tu, chakula nimeacha pembeni.

Mwezi wa nne peke yake nilinunua makopo 47 ya mkaa. Kopo moja huku kwetu 1,500. Piga hesabu, ni 70,500. Nilipomwonyesha mume wangu alinyamaza, akachukua simu akapiga hesabu upya kwa kalkuleta, ikaja ileile. Kodi ya chumba kimoja hapa mtaani ni 50,000, yaani tunalipia kodi ya chumba na zaidi kwa ajili ya moshi.

Nikaenda mbele, nikabeba kopo langu mpaka bucha nikamwomba yule kaka anipimie kwenye mizani yake. Kilo moja na gramu 100. Nikamwaga kwenye gazeti palepale nikachekecha kwa mkono, nikatoa chenga na vumbi na kipande kimoja cha jiwe, nikapima tena, gramu 950. Kwa hiyo ukinunua kopo unalipia vumbi, na bado mwenye kopo ana namna yake ya kuupanga mkaa vile vipande virefu visimame ili katikati pabaki hewa, wanaojua wanajua. Anayenunua gunia la lumbesa analipa kilo kwa bei ndogo kuliko mimi, anayenunua gari zima ndogo zaidi. Mimi wa kopo ndio niko mwisho wa foleni na ndio nalipa bei kubwa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Kila siku redioni tunahimizwa tuachane na mkaa, tutumie nishati safi, tuishi kwa kubana matumizi tuokoe misitu na hali ya hewa. Nakubali kabisa, na nitaeleza kwa nini nakubali. Ila wanaongea kama vile sisi hatujui kubana. Jamani mtu anayezima jiko la mkaa kwa maji ili vipande vilivyobaki avianike vitumike kesho, anayefua kwa maji aliyooshea mchele, anayemgeuzia mtoto kola ya shati ikichakaa (nazigeuza mimi kwa mkono wangu kila Januari shule zikifungua), huyo mnamfundisha kubana nini? Tunabana mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba uchumi wa mjini umepangwa vitu safi viuzwe kwa jumla na vitu vichafu viuzwe kwa rejareja. Mkaa upo wa 1,500. Gesi kujaza mtungi wa kilo 6 hapa kwangu 24,000, wa kilo 15 ni 57,000, kwa mkupuo. Anayelipwa kwa siku atanunua kinachouzwa kwa siku, hata kama anajua ni ghali. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, mengine hapo chini ni ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni gesi yenyewe. Nilikuja kupata mtungi wa kilo 15, nitawaambia niliupataje. Mtungi wa kwanza ulikaa siku 43, nimeandika tarehe za kuanza na kuisha. 57,000 gawanya kwa 43 ni kama 1,325 kwa siku. Mkaa ulikuwa unanilia 2,350 kwa siku. Zaidi ya 1,000 kila siku ya Mungu ilikuwa inapotea kwa sababu tu sina 57,000 kwa pamoja.

Ushahidi wa pili ni majirani zangu. Kuna mitungi ya kilo 6 iliyotolewa kwa nusu bei kupitia ruzuku ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini), nia nzuri sana na mimi naipongeza kwa moyo. Hapa kwenye nyumba yetu wapo wawili waliochukua. Wote wawili mtungi umekaa chini ya kitanda, tupu. Walipika mpaka gesi ikaisha, siku inaisha mfukoni kuna 3,000, utajaza na nini? Wamerudi kwenye kopo. Ruzuku imewasaidia kuingia mlangoni ila ndani kila gesi ikiisha kuna mlango mwingine.

Sasa mtungi wangu niliupata kwa mchezo wa kupeana hela (upatu). Tuko wanawake 16, mafundi cherehani, wauza mboga na dada mmoja wa saluni, kila wiki 10,000, kijumbe anakusanya. Kwa kawaida mtu akipokea ananunua kitenge au analipa ada, safari hii tukakubaliana raundi yote nzima iwe ya majiko. 160,000 inatosha mtungi uliojaa pamoja na jiko la plate mbili, na hela haipiti mkononi, kijumbe na mpokeaji wanaenda dukani pamoja. Wiki 16 wote 16 tuna gesi. Halafu ili mtungi usije ukalala chini ya kitanda kila mmoja ana kibubu, kila siku unatumbukiza 1,500 ileile ya kopo kama vile umeenda kununua mkaa. Siku ya 38 kibubu kimefika 57,000 na gesi bado ina siku tano. Wote 16 tumejaza zaidi ya mara mbili, hakuna aliyerudi kwenye mkaa moja kwa moja. Mkaa tunao wa kuchomea mahindi na siku za shughuli.

Kuhusu misitu na hali ya hewa, mimi nimezaliwa Rufiji ndani kabisa. Njia ya kwenda kwa bibi nilipokuwa mdogo tulipita porini mchana unaogopa, sasa hivi unaona nyumba ya mtu wa mbali. Takwimu ya serikali inasema tunapoteza kama hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, kilimo ndicho kinachukua sehemu kubwa, mkaa nao umo. Kwa tanuri la udongo la kawaida kilo 10 za mti zinakupa kilo moja mpaka mbili za mkaa, nyingine yote imepanda juu moshi. Makopo yangu 47 ya mwezi mmoja yalikuwa robo tani mpaka nusu tani ya mti, kwa ajili ya ugali na maharage ya watu watano. Nilipoelewa hilo nililala vibaya.

Naombeni michango, na mwenye hesabu zake aweke.

---

Mzalendo wa Temeke

Dada uzi mzuri ila mimi hapo kwenye hali ya hewa napinga. Hewa ya ukaa ya Mtanzania mmoja inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe haifiki hata nusu tani kwa mwaka, Mmarekani mmoja anapita tani 13. Wao wamejenga viwanda na magari miaka mia mbili leo sisi tuambiwe tubane? Waanze wao, sisi tuacheni tukue kwanza.

---

Mama Daftari

@Mzalendo wa Temeke kaka yangu takwimu zako ni za kweli na kwenye haki ya kukua niko na wewe asilimia zote. Ila angalia daftari langu tena, mahali gani nimebana ili kumfurahisha Mmarekani? Mimi nimeacha mkaa nikabaki na 30,000 kwa mwezi, mwanangu ameacha kukohoa usiku, na kifua hiki kilikuwa kinatupeleka dispensari kila msimu wa mvua tulipokuwa tunapikia ndani. Serikali yenyewe inasema moshi wa kupikia unaua Watanzania zaidi ya 33,000 kwa mwaka. Kukua unakokutaka mimi ndio huku. Sitaki tukue kwa kupita kila kituo walichopita wao, moshi kwanza halafu foleni halafu ndio tuanze kurudi nyuma kutafuta hewa. Wao watabana chao na wana deni, ila nikisubiri walipe ndio nizime jiko langu la mkaa, anayeumia ni mwanangu.

---

Kijana wa Kayole

Habari zenu kutoka huku Nairobi. Huyu mama ameongea ukweli mtupu, huku tunaita uchumi wa kadogo, unanunua mafuta ya kupikia ya kupima, sukari ya kupima, makaa ya mkebe, kila kitu kadogo kadogo na mwisho wa mwezi umelipa kuliko mtu wa Karen, mtaa wa matajiri.

Wacha niwaambie vile ilienda kwetu. Watu walikuwa wameanza kuzoea gesi mitaani, ile meko ya kilo 6, halafu Julai 2021 serikali ikarudisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa gesi. Bei ikapanda, plot yetu nikaona majirani wanarudi kwa makaa na mafuta taa mmoja mmoja. Ushuru ukashushwa ukawa asilimia 8 mwaka uliofuata na 2023 ukatolewa kabisa. Hiyo miaka miwili imetufunza mtu akirudi kwa makaa kumtoa tena ni kazi, kwa sababu ameshauza meko.

Kitu kimesaidia wengine ni gesi ya mita, kuna ile ya M-Gas, wanakuletea mtungi na mita imefungwa juu yake, unalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa kadri uko na pesa, ikiisha gesi inajifunga mpaka ulipe tena, na mtungi ukikaribia kuisha wao wenyewe wanajua wanakuja kubadilisha. Nyanyangu anaipikia na hajui kusoma. Hiyo ndiyo gesi ya mkebe. Huyo mama na kibubu chake amefanya kitu hiyohiyo bila mita.

---

Mama Daftari

@Kijana wa Kayole asante sana mdogo wangu, "gesi ya mkebe" nimeipenda na nitaitumia. Hapo kwenye kodi pa muhimu, naomba wanaotunga bajeti kwetu wasome.

---

Mchomaji Kilosa

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi natokea upande wa pili wa hilo kopo. Mkaa umenisomeshea watoto wanne. Naomba mnisikilize na mimi kwa sababu kwenye mijadala ya mkaa mchomaji huwa ni jambazi na hakuna anayemuuliza.

Kazi yenyewe ni hivi. Unakata, unakatakata vipande urefu sawa, unapanga kichuguu, unafunika majani halafu udongo, unawasha, halafu hulali. Siku saba mpaka kumi na zaidi unazunguka tanuri usiku na mchana, moshi ukiwa mweupe mzito bado, ukiwa wa buluu mwepesi karibu, ukipasuka mahali usiwahi kuziba unakuta majivu. Mwenzangu mmoja alitumbukia mguu. Halafu unakuja kuuza gunia porini kwa bei ambayo mkija kuisikia Dar hamuwezi kuamini, faida yote iko barabarani.

Kuna kitu nataka watu wa mjini wajue. Huku Kilosa kuanzia 2012 ulikuja mradi, vijiji vikapima misitu yao vikatenga eneo la kuvuna, likagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 kama bao la drafti, unavuna hiki cha jirani unakiacha, na kile ulichovuna hukigusi tena miaka 24. Unakata kwa kuacha kisiki, hung'oi, kisiki kinachipua chenyewe. Machipukizi kwenye vitalu vya mwanzo yameshanipita kichwa, miti ya miombo haina shida ukiiheshimu. Ushuru unaingia kijijini, madarasa yamejengwa na maji yamechimbwa kwa hela ya mkaa. Na kwa sababu msitu una hela, kijiji kinaulinda, mtu akija kufyeka afungue shamba la ufuta anakutana na sisi.

Sasa mkipiga marufuku mkaa wote siku moja, huo msitu unakuwa hauna hela. Kesho yake ni shamba. Nawaomba mpunguze, mimi mwenyewe nakubali Dar haiwezi kuendelea kula mkaa hivi, lakini ule utakaobaki nunueni wa halali wa kijiji chenye mpango.

---

Mama Daftari

@Mchomaji Kilosa marahaba, na asante baba. Nimesoma mara mbili. Kuna mahali kwenye uzi wangu nimeweka mkaa wote kapu moja na nimekosea. Hilo la msitu kuwa na hela nilikuwa silijui na nadhani wengi humu hatulijui. Swali langu, mimi wa Mbagala nikisimama mbele ya kopo nitajuaje huu ni wa vitalu na huu umeibwa usiku?

---

Mchomaji Kilosa

Hutajua binti yangu. Gunia linatoka na hati, likifika mjini likimwagwa kwenye kopo hati imebaki kwenye gari. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

---

Sahani ya Buguruni

Mimi ni mama ntilie, sahani 80 mpaka 100 kwa siku. Nyie wa nyumbani mna raha ya kuchagua. Maharage ya kilo tano, sufuria ya wali ya kilo kumi, hilo jiko la plate mbili litabeba? Na wali bila kupalia mkaa juu ya mfuniko wateja watakuambia leo wali una maji. Nimejaribu gesi mwaka juzi nikapikia kila kitu, mtungi mkubwa uliisha siku ambazo hata sitaki kukumbuka.

Nilichokuja kufanya ni kuangalia nini kinakula moto. Ni maharage, makande na nyama ngumu. Sasa maharage naloweka toka saa moja usiku, asubuhi namwaga maji, nachemsha yakishatokota dakika 20 natoa jikoni naweka kwenye tenga kubwa nimelijaza matambara na magunia, nafunika na godoro la zamani la mtoto. Saa tatu baadaye yameiva yenyewe, hayana moto chini. Bibi yangu Tanga alikuwa anafanya hivi na pumba za mpunga, sisi tukaja mjini tukaacha tukaona ushamba. Nimetoka magunia matatu kwa mwezi mpaka moja na nusu. Sijanunua kitu chochote, tenga nilikuwa nalo.

Wali bado napikia mkaa na sitaacha.

---

Fundi Gerezani

Naongezea la umeme kwa sababu naona watu wanaliogopa. Hizi presha kuka za umeme, sufuria ya lita 6, nyingi zina wati 1,000 na watu wanaona wati 1,000 wanakimbia. Lakini haivuti muda wote, ikishapanda presha inazima inakaa, inawaka kidogo inazima, joto limefungiwa ndani. Na umeme sasa hivi tunao, Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 jumla megawati 2,115, mwingine ni wa gesi asilia ya Songosongo na Mtwara. Kupikia maharage na maji ya Rufiji ni akili kuliko kuchoma Rufiji yenyewe.

Ila nina uchungu na kitu kimoja. Naletewa hizi presha kuka kila wiki, nyingine mpya kabisa, mtu kaambiwa imekufa nunua nyingine. Nafungua chini, ni fyuzi ya joto imekata, kidude cha 1,500 unachokipata Kariakoo. Au mpira wa mfuniko umelegea. Kwenye boksi hakuna mpira wa akiba, hakuna mchoro, skrubu za chini wameweka zile za pembetatu ili usifungue, nimechonga bisibisi yangu mwenyewe. Mtu ametoa 180,000 halafu anarudi kwenye mkaa kwa sababu ya kidude cha 1,500. Tukitaka watu wahame kwenye mkaa wakae huko walikohamia, vipuri viingie nchini pamoja na majiko.

---

Mbongo wa Lyon

@Fundi Gerezani kaka huku Ufaransa mwaka 2021 sheria ilianza kulazimisha baadhi ya vifaa dukani, simu, mashine za kufulia, viandikwe alama kati ya 0 na 10 kuonyesha vinatengenezeka kirahisi kiasi gani. Na toka mwisho wa 2022 ukipeleka kifaa kwa fundi aliyesajiliwa unapunguziwa gharama papo hapo. Wanahangaika kurudisha mafundi maana walikwisha mtaani, vijana hawajui hata kushika bisibisi. Sisi hao mafundi tunao kila kona na hatuwahesabu kwenye sera yoyote ya mazingira. Ile alama ya 0 mpaka 10 ingefaa sana Kariakoo.

---

Mwalimu wa Pwani

Nami naomba nichangie kuhusu taasisi. Agizo lilitoka kwamba taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 iache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Shule ninayofundisha, sitaitaja, ina wanafunzi 600 wanakula mchana. Wazazi wakachangishwa, tukafunga jiko kubwa la gesi na bomba safi, tukapiga na picha. Mwezi wa tatu gesi ikaisha. Fungu la kujaza halikuwepo kwenye bajeti yoyote, mchango wa mzazi ni kilo za mahindi na maharage pamoja na kuni ambazo mtoto anabeba asubuhi. Kuni haikuwahi kuwa na bei kwenye vitabu vyetu kwa sababu inabebwa na mtoto kichwani. Kwa hiyo kwenye karatasi gesi ilionekana gharama mpya kabisa, wakati kuni tulikuwa tunailipa kwa saa za wasichana.

Tumerudi kwenye kuni, ila tumejenga jiko banifu la matofali na linakula kama nusu ya zamani. Kuna waliotushauri ule mkaa mbadala wa STAMICO, shirika la madini la serikali.

---

Mama Daftari

@Mwalimu wa Pwani hapo kwa saa za wasichana umeniliza mwalimu, mimi ni mmoja wa hao wasichana, nilikuwa nachelewa namba kwa ajili ya kuni. Andikeni hizo saa. Kweli, mpe mwanafunzi mmoja wa darasa la saba daftari aandike wiki mbili nani kabeba na katembea muda gani, mkienda kwenye kikao cha bajeti mna kitu mkononi.

Kuhusu mkaa mbadala ule wa STAMICO unatokana na makaa ya mawe ya Kiwira. Unaokoa mti, hilo kweli na si dogo. Lakini ni makaa ya mawe, tusiuweke kwenye kundi moja na umeme wa maji tukasema tumemaliza. Mkaa wa vifuu vya nazi na pumba, hapo sawa, na Pwani vifuu mnavyo.

@Sahani ya Buguruni dada tenga lako nimelifanya jana na kapu la sokoni na kanga mbili na blanketi. Wali wa nusu kilo, nimechemsha dakika tano, nimefunika dakika 40, umeiva umechambuka. Nimeandika kwenye daftari, gesi dakika tano tu.

---

Binti Chanika

Dada naomba msaada. Mimi nina hiyo presha kuka, nimepewa na kaka yangu, lakini mwenye nyumba amekataza kupikia umeme. Tuko wapangaji saba LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), kila chumba 5,000 kwa wiki, na akisikia harufu ya maharage chumbani kwangu anakuja kugonga. Nimeirudisha kwenye boksi. Ulifanyaje wewe?

---

Mama Daftari

@Binti Chanika mdogo wangu hili ndilo lilinitesa kuliko yote na nadhani limefunga umeme jikoni Dar nzima. LUKU ya pamoja maana yake ukipikia umeme unapikia hela za wenzako, mwenye nyumba akikataza ana haki yake, anaogopa ugomvi na anaogopa nyaya.

Presha kuka ninayo na mimi mbali na gesi, nilifanya hivi. Nilimwomba fundi wa umeme anifungie sabumita kwenye waya wa chumba changu, mita ilikuwa 30,000 na ufundi 10,000. Kabla ya hapo nilimwendea mama mwenye nyumba, nikamsalimia vizuri nikamwambia mama naomba uje ukae na mimi napika, usinihukumu kwa kusikia. Tukazima friji, feni na taa. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa. Sabumita ilikuwa 6.2 wakati naanza, yameiva ikawa 6.6. Nukta nne. Kwa bei yetu ambapo 10,000 inatoa kama uniti 28, hiyo ni shilingi 140 na kitu. Maharage yaleyale kwa mkaa yalikuwa yananilia karibu kopo zima. Akauliza "ndio hiyo tu?" akanyanyua mfuniko akaonja. Sasa hivi wapangaji wanne tuna sabumita na yeye mwenyewe anakuja kuazima presha kuka yangu Ijumaa.

Angalizo moja. Kama nyumba yenu iko kwenye ile bei ya mtumiaji mdogo, ya 100 kwa uniti kabla ya kodi, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Mkivuka, kila uniti ya juu inapanda mpaka 350. Wapangaji saba mnaweza kuvuka bila hata kupika, kwa hiyo angalieni hilo kwanza msije mkalaumu maharage. Na hapa namwomba yeyote mwenye sikio huko juu, nyumba yenye familia saba kuhesabiwa mteja mmoja ni kumwadhibu mpangaji.

---

Binti Chanika

Sabumita naogopa hiyo 40,000 dada, na akikataa nimeshanunua.

---

Mama Daftari

Usinunue kwanza. Mita yangu mimi ina plagi pembeni, fundi aliniongezea, naweza kuja nayo tukapima kwa mwenye nyumba wako mbele ya wapangaji wote. Chanika nina mteja wa gauni nampelekea Jumamosi. Niandikie inboksi mtaa, loweka maharage Ijumaa usiku, saa nne nitakuwa nimefika. Na mwambie mwenye nyumba asile asubuhi.